Pakiti Moja, Chupa Mbili

Juzi nilikuwa nimeketi kando ya uwanja kule Nyanchwa, nikiwatazama ninyi vijana mkikimbiza mpira. Kila mara mmoja wenu alikuwa akija pembeni kugugumia kinywaji cha rangi ya samawati kutoka kwenye chupa ya plastiki. Nikaomba chupa moja niisome. Mlicheka, mkadhani nyanya anataka kuonja. Nikavaa miwani: maji, sukari, chumvi, potasiamu, halafu rangi na majina mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Nilipoirudisha chupa nilijifunika vizuri kwa leso yangu, na binti mmoja mwenye adabu akaniuliza kama nahisi baridi. Sikuhisi baridi. Nilikuwa na hofu, hofu ya zamani sana, na nikaona aibu kuwaeleza mbele ya watu wanaocheza. Ndiyo maana naandika.

Mimi nilikuwa muuguzi. Kazi nilijifunza miaka ya sitini katika hospitali ya misheni, kisha nikapelekwa kwenye zahanati ndogo juu ya Ikonge, penye majani ya chai kila upande na barabara ambayo mvua ikinyesha haikujui. Watu waliniita sista. Kama kuna kitu kilichonitisha kuliko vyote katika kazi ile, si damu wala maiti. Ni chumvi. Hii hii mnayotia kwenye mboga.

Aliyenitia hofu hiyo ni tabibu wetu, mzee Makori, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na wa kutukana mbu siku nyingine zote. Wiki yangu ya kwanza alikata kabichi vipande vyembamba kwenye sahani, akainyunyizia chumvi, akanituma nikachemshe sindano. Niliporudi, sahani ilikuwa na maji.

"Umetia maji wewe?" akaniuliza.

"Sijatia kitu, tabibu."

"Basi yametoka wapi?"

Akachukua kipande kimoja kilicholegea, akakining'iniza mbele ya macho yangu.

"Yametoka ndani ya kabichi. Chumvi imeyavuta. Sasa fikiria hii kabichi ni mtoto."

Sikula kabichi mwezi mzima. Lakini nilielewa, na ninataka nanyi muelewe, kwa sababu chupa zenu za rangi hazisemi jambo hili. Maji mwilini hayakai tu kama maji ndani ya mtungi. Huhama. Huenda kule kwenye chumvi nyingi au sukari nyingi. Mtoto anayehara anapoteza maji na chumvi pamoja. Ukimpa maji matupu, mengi yatapita tu, na yale yatakayoingia yataifanya damu yake kuwa nyepesi mno. Ukimpa sukari nyingi, hiyo sukari itakaa tumboni iyavute maji kutoka kwenye damu, na mtoto atazidi kuhara. Nilikuwa nikimwona mama anamnywesha mtoto mgonjwa soda kwa kijiko, kwa mapenzi kabisa, nami nakimbia kumzuia. Chumvi peke yake nayo, tumbo likiwa limechafuka, huingia kwa shida. Ila chumvi na sukari zikiwa pamoja, kwa kipimo chake, husaidiana kupenya ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Siri ya kinywaji chenu cha samawati ni hiyo tu. Neno kubwa hapo ni kipimo.

Maji matupu msiyadharau pia. Tulikuwa na mchumaji chai mmoja, kijana wa miraba minne, ambaye alihara siku kadhaa na akaamua kujitibu kwa maji ya kisima, kata baada ya kata. Walipomleta alikuwa akimwita mkewe kwa jina la ng'ombe wao. Mke alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa. Makori alimpa maji yenye chumvi na sukari polepole mpaka akili ikarudi, lakini miguu ikabaki kama uzi. Tabibu akamwagiza mke amlishe ndizi mbivu. "Hiyo inarudisha nguvu ya misuli," akasema, na akatueleza habari ya potasiamu, ambayo nayo hutoka na choo. Kijana alipona. Mkewe aliendelea kumkumbusha habari za ng'ombe hadi uzee wao.

Nacheka sasa, lakini siku zile nilicheka kidogo sana. Mtoto aliyekauka hatoi hata machozi akilia. Mjue hilo, ninyi mtakaoshika kazi hii. Utosi unadidimia, macho yanaingia ndani, na ukiikunja ngozi ya tumbo kwa vidole inabaki imesimama badala ya kurudi. Wakati wa kujifunza kwangu dawa ilikuwa dripu peke yake, na dripu inataka mshipa. Mtoto aliyekauka hana mshipa wa kuuona. Nimewahi kutafuta mshipa mkononi, mguuni na kichwani, mama akiniangalia uso tu, akijaribu kusoma pale kama mtoto wake ataishi. Nilijifunza kuufanya uso wangu usiseme kitu. Hata nyumbani nikawa hivyo, na mume wangu alilalamika.

Kwa hiyo zilipoanza kuletwa pakiti za poda, miaka ya sabini ikiwa imekwenda, niliona kama mzigo umeshushwa mgongoni mwangu. Kumbe mtoto angeweza kunywa! Chumvi, sukari na vitu vingine vimekwisha kupimwa na kufungwa. Mama angeweza kwenda nayo nyumbani, akachanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa, akamnywesha kijiko kwa kijiko.

Tatizo likawa moja. Pakiti ilitaka lita moja ya maji, na hakuna nyumba kwenye ule mlima iliyokuwa na kitu cha kupima lita. Kulikuwa na sufuria, vibuyu na mitungi, kila kimoja na ukubwa wake. Makori ndiye aliyepata njia. Chupa ya bia ya siku hizo ilikuwa nusu lita, kila mtu aliijua, na baa ya sokoni ilikuwa nazo tele. Tukaziosha, tukazichemsha, tukazipanga dirishani. Tulimwonyesha kila mama: pakiti moja, chupa mbili za bia, zijae mpaka shingoni. Waliokuwa na chupa nyumbani walizitumia, na wasiokuwa nazo tuliwapa. Njia ile iliwafaa wengi sana. Watoto walikuwa wakija wamelegea na wiki iliyofuata nawakuta sokoni wanalia kwa ukorofi, na machozi yanatoka.

Kisha mvua kubwa zikaja, na kipindupindu kikasemwa huku na huku. Sijui ni wangapi waliokuwa nacho na ni wangapi walikuwa na kuhara kwa kawaida, maana hatukuwa na maabara ya kutuambia. Watu walikuja tangu asubuhi mpaka jioni. Wiki hiyo pakiti nilizitoa kwa haraka, neno lilelile kwa kila mama, na chupa za dirishani zikaisha zikabaki chache za matumizi yetu wenyewe. Siku ya Ijumaa Makori akaondoka kwenda Kisii kufuata dawa. Mvua ikakata barabara nyuma yake, nikabaki peke yangu.

Jumamosi asubuhi wakaja wanawake wawili. Wa mbele alikuwa Nyaboke, mama kijana aliyepokea pakiti mbili kwangu siku mbili kabla, amembeba mwanawe Ombati, mtoto wa umri wa kutambaa. Nyuma yake alikuwa mama mkwe wake, Bibi Moraa, amevaa nguo nyeupe ya Sabato. Huyo mlimani kote walimfahamu. Alikuwa shemasi katika kanisa la Wasabato, mwanamke wa kusimama wima, na akiingia mahali hata kuku walinyamaza.

Nikamtazama mtoto, nikashindwa kumwelewa. Alikuwa bado anahara, lakini macho hayakuwa yamezama sana. Ngozi ya tumbo nilipoikunja haikusimama kama nilivyozoea. Ilikuwa nzito, kama unga uliokandwa. Mwili ulikuwa wa moto na ulimi mkavu kabisa. Alilia kwa sauti nyembamba ya juu ambayo sijaisahau, na alipoona kikombe mezani kwangu alijirusha kukifuata karibu aanguke. Vidole vyake vilikuwa vikishtuka vyenyewe.

"Umempa ile poda?" nikamuuliza Nyaboke.

"Nimempa, sista. Nimempa yote. Hata tone halikumwagika."

"Na pakiti ya pili?"

"Hiyo pia. Akilia kiu, nampa. Akimaliza, analia kiu tena zaidi. Nikafikiri dawa imepungua."

Nikamwomba anionyeshe alichokuwa akimpa. Akatoa kwenye kikapu chupa iliyozibwa kwa guguta la hindi. Ilikuwa chupa ya soda.

Nikaonja. Tabibu alikuwa ametufundisha tuonje kila tunachochanganya, kisizidi chumvi ya machozi. Hii ilizidi mbali. Chupa ya soda ilikuwa ndogo sana kuliko ya bia. Chupa mbili za soda hazikuwa lita wala karibu na lita. Pakiti yote ya chumvi na sukari ilikuwa imekwenda kwenye maji machache, na mtoto alikuwa akikamuliwa na dawa yenyewe. Nikaiona ile sahani ya kabichi mbele yangu.

"Nilisema chupa ya bia," nikamwambia Nyaboke, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

Akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Bibi Moraa.

"Ni mimi nilikataa. Katika nyumba yangu chupa ya pombe haiingii, hata ikiwa tupu, hata ikiwa imeoshwa. Mume wangu alikunywa mpaka akafa, sista, na nilivunja chupa zake zote kwa mkono wangu. Nikamwambia huyu mke wa mwanangu, chupa ni chupa. Tumia ya soda, hiyo haina dhambi."

Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Nikamweleza haraka kwamba dawa ilikuwa kali mno, na kwamba mtoto amekaushwa na chumvi. Sijui nilitegemea nini. Alichofanya ni kushika kikombe changu cha maji mezani.

"Basi apewe maji! Si anaomba maji?"

Nikamshika mkono. Hapo, vijana wangu, ndipo penye hofu niliyowaambia. Makori alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba mtu aliyekaushwa na chumvi usimzamishe kwa maji matupu. Chumvi imejaa mpaka kwenye ubongo. Ukimmiminia maji kwa pupa, maji yatakimbilia huko, ubongo uvimbe, na mtoto aanze degedege asirudi. Nililijua kwa kuambiwa tu. Sikuwa nimewahi kuliona. Na mtoto alikuwa mbele yangu ananyoosha mikono kwenye kikombe.

"Magokoro," nikamwambia, kama tunavyowaita nyanya zetu, "ukimpa hayo atakufa."

"Na asipopewa?"

"Nitampa. Polepole."

Nikachukua pakiti mpya. Nikachukua chupa mbili za bia dirishani, nikazijaza mpaka shingoni maji yaliyochemshwa, nikachanganya mbele yao, nikaonja. Bibi Moraa alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi.

"Ile ile iliyomuumiza? Unampa tena?"

"Ni ile ile, lakini sasa ina maji yake."

"Ee Nyasae, Mungu wangu," akasema, akageuka ukutani.

Nyaboke akakaa na mtoto. Kijiko kimoja cha dawa, tunangoja. Titi kidogo, tunangoja. Kijiko kingine. Ombati aliuma kijiko, akakishika kwa mikono yote miwili, akalia kila nilipokiondoa. Nyaboke naye akalia. Mara mtoto akakakamaa, macho yakapanda juu, mkono mmoja ukapiga piga hewani. Nilimlaza upande nikamshikilia, na niliomba kwa sauti, mimi ambaye huwa naomba moyoni. Nilifikiri nimemuua. Nilifikiri pia jambo la aibu, kwamba Makori akirudi atanikuta na maiti na hizo chupa mbili. Degedege likaachia. Akapumua. Tulipumzika, tukaanza tena, kijiko kwa kijiko.

Katika ule utulivu wazo lingine likanijia, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Nyumba ya Bibi Moraa haikuwa peke yake. Nusu ya ule mlima walikuwa Wasabato. Wiki nzima nilikuwa nikitoa pakiti, nami sikuwa nimewahi kumuuliza mama hata mmoja kama chupa ya bia inaruhusiwa kwake. Walikuwa wameitikia kwa adabu, kama watu wetu wanavyoitikia, kisha wakaenda kufanya wanaloona linafaa. Na mimi sikuweza kumwacha mtoto huyu hata kwa dakika.

Nikatazama chupa mbili zilizobaki dirishani. Bibi Moraa alikuwa amegeuka kutoka ukutani, akinitazama.

"Tuko wengi," akasema. "Mke wa mzee wa kanisa alichukua kwangu chupa za soda juzi. Nilimpa mimi."

Akasimama, akafika dirishani, akazichukua chupa mbili za bia zilizobaki, moja kila mkono, ile ya soda ameibana kwapani. Nikamwambia azifunge kwa kitambaa.

"Nikifunga wataonaje ukubwa?"

Akatoka hivyo hivyo, katika nguo yake nyeupe, katikati ya Sabato, akipita sokoni ambako kila mtu alimjua. Waliokuwa kanisani walinisimulia baadaye. Aliingia wakati wa mahubiri, akaenda mpaka mbele na zile chupa, na watu wakadhani amerukwa na akili. Akaziinua juu, akaweka na chupa ya soda kando yake, akawaambia akina mama watazame. Akasema yeye ndiye aliyewapotosha, na kwamba mjukuu wake yuko dispensari anakufa. Akina mama kadhaa waliamka wakakimbia nyumbani kabla hajamaliza. Lakini mnajua wenyewe, mwenye mgonjwa haendi kanisani. Wale aliowahitaji zaidi hawakuwa pale. Kwa hiyo akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwenye matope, hata kwa watu ambao hakuwa amesalimiana nao miaka mingi.

Kule zahanati jua lilikuwa limeshapinda wakati Ombati alipotulia mapajani mwangu. Vidole viliacha kushtuka. Nikahisi joto likienea kwenye aproni yangu, likapita mpaka kwenye gauni. Alikuwa amekojoa. Mtoto aliyekaushwa hakojoi, na anayekojoa mwili wake umeanza tena kupanga maji yake. Nilimwita Nyaboke aone, na tulicheka pamoja juu ya aproni iliyolowa, tukicheka na kulia. Aliishi. Baadaye akawa mtu mzima, mwenye kelele nyingi.

Bibi Moraa alirudi jioni, nguo yake imekuwa ya udongo mpaka magotini. Alimtazama mjukuu wake akinyonya, akamgusa utosi, akaketi kwenye benchi. Zile chupa alikuwa nazo bado, lakini sasa zilikuwa zimefichwa ndani ya kitenge chake, zimefungwa sana.

"Kwa nini umezifunga?" nikamuuliza.

Akazibana kifuani.

"Nyumba ya chini, karibu na mto," akasema. "Kwa Kemunto. Nilifika wakati wanachimba kaburi dogo."

Nilimkumbuka Kemunto. Alipokea pakiti kwangu siku ya Jumatano na akanishukuru mara mbili.

"Alikuwa ametumia chupa gani?"

"Sikuangalia. Sikutaka kuangalia. Nilizifunga hizi kabla sijaingia uani. Aliniuliza, Mama Moraa, nilikosea wapi? Nikamwambia hukukosea, ni kipindupindu. Na wewe, sista, akikuuliza utamwambia hivyo hivyo."

Huenda kweli kilikuwa kipindupindu. Watoto wengi walikufa kwa hicho wiki ile ambao hawakuonja poda hata kidogo. Kuanzia Jumatatu yake sikumpa mama yeyote pakiti bila kumuuliza kwanza ana chombo gani nyumbani, na bila yeye kuchanganya mbele yangu na kuonja. Ninyi nanyi mfanye hivyo. Msimwambie mtu kipimo halafu mkadhani amekipata.

Kemunto aliniuliza, kama Bibi Moraa alivyosema. Aliniuliza zahanati, na sokoni Ikonge, na mara ya mwisho akiwa mzee kama mimi, amesahau kwamba alishaniuliza. Kila mara nilimshika mkono nikamwambia ni kipindupindu. Kila mara alinishukuru.